Haya, Tufe

Mimi nimekufa mara mbili, na mara zote mbili ni kwa amri ya Mama Mchungaji. Mara ya kwanza nilikuwa karani wa chama cha ushirika, nimevaa tai ya kaka yangu. Mara ya pili nilikuwa mama mwenye nyumba, zimwi likanikuta jikoni nimeshika sufuria ya ndizi. Sufuria ilikuwa ya kwetu kweli. Niliiangukia, ikabonyea ubavu, na mama yangu mzazi alinisimanga kwa sufuria ile mpaka nilipoolewa.

Filamu yenyewe iliitwa Mgeni wa Migombani. Iliigizwa na kwaya ya usharika wetu, huku juu mlimani Meru ambako kahawa inakaribiana na msitu. Mtungaji, mwongozaji, mpiga picha, mpishi wa damu na mkemeaji mkuu alikuwa mtu mmoja, mke wa mchungaji wetu. Zimwi linashuka kutoka msituni wakati wa mavuno, linapenda kahawa mbivu, na likikukuta shambani kwako linakumaliza. Basi, hadithi ndiyo hiyo. Mengine yote ni watu kukimbia.

Habari za kwao na za wazazi wake sitakueleza, maana sikuzijua. Kwetu mke wa mchungaji huanza kuwepo siku anaposhushwa na lori la kuhamia, pamoja na makochi na kuku wake, na kuanzia hapo ni Mama Mchungaji kwa wakubwa na wadogo. Alikuwa mfupi, mnene kiasi, anatembea haraka kama mtu aliyeacha maziwa jikoni. Ukimwamkia shikamoo anaitika huku ameshakupita, na swali lake ni lile lile kila siku: mzima? Hakuwa anauliza kwa mazoea. Ukisema ndiyo, anageuka kukutazama ahakikishe.

Kamera ilinunuliwa na usharika kwa ajili ya harusi na kipaimara. Ilikuwa ile ya kubeba begani, inayomeza mkanda mzima wa video. Kamati ilipoifungua kwenye boksi wote wakaiogopa, wakaiweka mezani wakaiimbia wimbo, wakafunga kwa sala. Mama Mchungaji akaichukua akaenda nayo nyumbani. Wiki iliyofuata alikuwa anarekodi kila kitu, mpaka ng'ombe wa jirani akizaa, na yule jirani akalalamika kwamba hakuombwa ruhusa.

Betri alizilea. Mwezi wa saba huku kwetu baridi inaingia mpaka kwenye mifupa, na betri ikipoa inakufa kabla ya mwigizaji. Kwa hiyo alizifunga kwenye kipande cha kanga akazitia kifuani, na ukimkumbatia baada ya ibada unakutana na kitu kigumu. Wageni walidhani ni ugonjwa, wakamwombea.

Mikanda nayo hakuweza kuitupa ikiwa na nafasi. Akirekodi harusi na mkanda ukabaki kidogo, kile kipande kilikuwa cha zimwi. Familia moja ilikaa sebuleni na wakwe zao kutazama harusi ya binti. Wakatazama keki, wakatazama ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchoma, akiingizwa na majani mdomoni, bibi harusi akalia vizuri kabisa, halafu ghafla zimwi likachomoka migombani likamrukia karani. Karani nilikuwa mimi. Mama mkwe akaomba dawa yake ya presha, bwana harusi akaomba kujua karani aliponaje. Walipokwenda kulalamika, Mama Mchungaji aliwaambia wamshukuru, maana kwenye harusi yao hakuna kipande kingine ambacho watu wangetazama mara mbili.

Sasa nikueleze sheria yake, kwa sababu bila sheria hii huwezi kumwelewa.

Siku ya kwanza kabisa ya kupiga, aliyetakiwa kufa alikuwa mzee mmoja wa sauti ya besi. Akaangushwa, akalala, Mama Mchungaji akazima kamera akasema vizuri, asante. Mzee hakuinuka. Tukadhani ameumia. Tulipomsogelea tukakuta macho yako wazi na amekasirika. Akasema, "Washa hiyo. Nimeanguka mbele ya watu, nitaamka mbele ya watu." Alitueleza palepale, bado amelala, kwamba hakubali picha yake ibaki chini huku yeye yuko juu. Wajukuu watakuja kuiona hiyo picha, watajuaje kwamba babu aliinuka? Wanakwaya wote wakamuunga mkono. Mimi nilikuwa wa kwanza, maana zamu yangu ilikuwa inafuata.

Mwongozaji mwingine angegomba. Huyu alifikiri kidogo, akawasha kamera. Mzee akainuka, akajikung'uta, akataja jina lake lote na kihamba chao, yaani shamba la ukoo, akamalizia, "Mzima kabisa." Ikawa ndiyo sheria. Katika Mgeni wa Migombani kila anayeuawa anaamka, anajikung'uta na kusema jina, halafu zimwi linaendelea na kazi. Hakuna aliyekatwa. Alikuwa anahariri sebuleni kwake kwa deki mbili zilizounganishwa kwa waya, na angeweza kuruka kipande chochote, ila vile vya kuamka hakuvigusa. Alisema ameahidi.

Amri zake zikatokana na hapo. Kuanza alisema, "Haya, tufe." Kumaliza alisema, "Amka, sema jina." Maneno hayo yalihama kwenye filamu yakaingia maishani. Akiwa na mlima wa sufuria za kuosha baada ya sikukuu ya mavuno, atakunja mikono ya gauni, atawatazama kina mama, atasema haya, tufe. Hata leo huku mlimani ukipita kwa watu wanaoanza kuchimba mtaro, utamsikia mmoja akisema hivyo, na huenda hajui yalikotoka.

Damu aliipika kwa maua mekundu ya rozela, sukari na unga wa ngano kidogo. Rangi ilikuwa nzuri kuliko damu yenyewe. Tatizo lilikuwa ile sukari. Ukilala umekufa dakika chache tu, sisimizi wameshapata habari. Ukitazama kifo changu cha kwanza kwa makini utaona maiti inatikisa mguu. Na kuna mwanakwaya mmoja wa sauti ya pili ambaye anauawa vizuri sana, kwa huzuni, halafu ulimi unatoka taratibu unalamba pembeni ya mdomo. Mama Mchungaji alikiona kipande hicho akakiacha. Alisema yule dada alikuwa hajanywa chai.

Kuigiza kwa uso hakukupenda. Nyuso zetu zilikuwa zinacheka, basi akatuamuru tukishindwa kujizuia tugeuke. Filamu ile imejaa migongo. Mtu anaona zimwi, anageuka mgongo, mabega yanatikisika, wewe unaamini analia. Nakuhakikishia hakuna aliyekuwa analia.

Wazee wa kanisa walimwita, bila shaka. Kikao kilikaa, yeye akaingia na chupa kubwa ya chai na beseni la maandazi, akamimina kwanza. Wakamuuliza kama inafaa kamera ya usharika irekodi mambo ya giza. Baba Mchungaji alikuwepo, akajitoa kwenye kiti cha mwenyekiti akaenda kukaa dirishani, akatazama nje. Mama Mchungaji akawasikiliza wote, halafu akasema, "Kwangu mimi anayekufa anaamka. Nyie mnahubiri nini?" Watu wakatafuna. Baada ya kikao mzee mmoja alibaki nyuma, yule anayeendesha mnada wa mazao baada ya ibada, mwenye sauti ya kumuuzia mtu kuku aliyeko kijiji cha pili. Akauliza, kwa aibu kidogo, kama zimwi la kudumu limeshapatikana, maana mpaka hapo tulikuwa tunaliigiza kwa zamu.

Huyu Mzee wa Mnada ndiye aliyekuwa zimwi letu, na alikuwa zimwi la dini. Kuna mahali zimwi lilitakiwa liingie kilabuni, linywe pombe ya mtu, ndipo limuue. Akakataa katakata. Kuua ataua, alisema, hata wote waliomo humo ndani, ila chupa ya bia hashiki, waumini wataonaje. Kwa hiyo zimwi linaingia kilabuni, linaagiza soda, linalipa, linaua watu wote. Mimi nadhani ndicho kipande bora cha filamu nzima.

Na mama huyu aliyetumaliza kijiji kizima alikuwa hawezi kuona damu. Kuku wa Krismasi akichinjwa, yeye yuko nyuma ya nyumba ameziba masikio. Gizani haendi bila mtu. Filamu za kutisha za wengine hakuwahi kutazama, mpaka siku moja miaka ya karibuni nilipompelekea moja kwenye flashi, nikidhani nampa zawadi. Aliitazama yote kupitia kwenye kanga. Ilipoisha akaniuliza kama yule binti wa mwanzoni, aliyeuawa bafuni, aliamka. Nikamwambia hapana, Mama, alikufa. Akauliza tena kama hakuonyeshwa hata kidogo akijifuta. Chai yake ikapoa. Akasema aliyetengeneza vile hana adabu.

Baba Mchungaji alikuwa mtu mpole, mrefu, anaimba chinichini muda wote kama hana habari kwamba anaimba. Filamu ya mkewe hakuibariki wala hakuikataza. Alibeba betri za ziada. Kazi moja tu aliyowahi kupewa kwenye kamera ilikuwa siku ya mwisho, na ndiyo iliyoleta mambo yote.

Siku hiyo aliyetakiwa kufa ni Mama Mchungaji mwenyewe. Katika hadithi, mama mmoja anajitoa mbele ya zimwi ili watoto wapite, na hakuna mwanakwaya aliyetaka kubaki wa mwisho. Akasema atakufa yeye. Kamera akamkabidhi mume wake, akamwonyesha kidude chekundu: bonyeza inaanza, bonyeza tena inasimama. Haya, tufe. Mume akabonyeza, zimwi likaja, mama akaanguka katikati ya migomba, akalala kwa heshima zote. Baba Mchungaji akabonyeza tena. Akamsubiri mkewe aamke, aseme jina, akabonyeza mara ya tatu, akamwacha anajifuta rozela na kanga, akaanza kurudi nyumbani na kamera imening'inia mkononi.

Umeshaelewa alichofanya. Alizima kabla ya wakati, na alipodhani anazima, akawasha. Kuamka kwa mkewe hakukurekodiwa hata chembe, na kilichorekodiwa ni viatu vyake. Viatu vya kahawia, kimoja kimefungwa kwa waya badala ya kamba, vinatembea kwenye majani makavu, vinapita kwenye kahawa, vinavuka mfereji, na juu yake sauti inaimba wimbo wa jioni. Karibu na nyumba anasikika mtu akimwuliza, "Mama yuko wapi?" Naye anajibu, "Nimemwacha kule migombani. Amekufa." Anacheka. Betri inaisha, na filamu imeisha hapo.

Mama Mchungaji alipoiona aligomba siku nzima, halafu akacheka, akasema watarudia Jumamosi. Jumamosi kukawa na msiba wa kweli. Iliyofuata mvua. Halafu barua ya uhamisho ikaja, lori likapakiwa makochi na kuku, na wakati wa kuagana akatoa nakala chache. Mkanda wenyewe ulishafutwa, kipaimara kikarekodiwa juu yake. Nakala za huku mlimani zililiwa na ukungu, nyumba zetu zina unyevu, ukifungua boksi la mkanda unakuta pamba. Tukasema basi, zimwi limekwenda. Sisi tukazeeka. Mimi nikateremka mjini, nikaajiriwa, nikajenga Njiro, nina geti.

Kumbe nakala moja ilipanda ndege. Kulikuwa na muuguzi wa Kizungu kwenye zahanati ya usharika, na alipoondoka alipewa mkanda kama zawadi ya kuagwa. Ukakaa kwenye dari la nyumba yake huko kwao, pakavu kabisa, mpaka wajukuu wakaukuta.

Siku moja nipo ofisini nakula wali maharage, mwenzangu mmoja anayependa filamu za ajabuajabu akaniletea simu usoni akaniuliza, "Dada, huyu marehemu si wewe?" Nikajiona. Nina tai ya kaka yangu, nina kiuno, natikisa mguu. Niliacha wali.

Mahali penyewe ni ghala la mtandaoni. Watu wa kujitolea, wametawanyika dunia nzima, wanakusanya filamu ambazo hakuna mwingine anayezitaka, zilizopigwa kwa kamera za kuazima, zenye mazimwi ya maboksi, zilizoonyeshwa mara moja ukumbini zikasahaulika. Mtu akikuta mkanda uvunguni anausafisha, anauingiza kwenye kompyuta, anaupandisha humo, na yeyote mwenye bando anatazama bure. Wengine wanaandika tafsiri chini ya picha. Wengine kazi yao ni kubishana.

Na watu walikuwa wameipenda filamu yetu, jamani, wameipenda kweli. Kuna waliojifunza kusema "mzima kabisa" na wanaamkiana hivyo. Kuna aliyechora zimwi likilipia soda, akalivaa kwenye fulana. Msomi mmoja alikuwa ameandika maelezo marefu juu ya vile viatu, kwamba ni roho inatembea kuuacha mwili, na kwamba ule waya una maana yake. Lakini juu kabisa, chini ya jina la filamu, kulikuwa na sentensi moja: inasemekana mwongozaji alifariki siku ya mwisho ya upigaji, na mpiga picha akaondoka.

Jumamosi hiyo nilipanda bajaji mpaka Olasiti, kwenye nyumba yao ndogo ya kustaafia, ambako Mama Mchungaji alikuwa anaishi peke yake. Baba Mchungaji alikuwa ameshatangulia, kwa kweli safari hii, na viatu vyake bado viko mlangoni. Yeye mwenyewe alikuwa na moyo uliopanuka na mkebe wa vidonge. Nikamwonyesha. Akavaa miwani. Alicheka mpaka nikaogopa kwa ajili ya ule moyo. Akamkosoa kila mtu, hata waliokwisha kufa. Nilipomsomea habari ya roho na viatu akasema vilikuwa vinambana, ndiyo maana anatembea vile.

Halafu mwisho ukafika. Sauti ikaimba, ikaulizwa, ikajibu, ikacheka, giza. Akaniambia nirudishe nyuma. Nikarudisha. Akanisimamisha nisiseme kitu, akasikiliza tena mpaka mwisho, na kicheko chake hakikurudi. Ikabidi nimsomee na ile sentensi ya juu, maana angeiona tu.

Akatoa miwani. Akasema, "Kila niliyemlaza nilimwamsha. Mimi peke yangu nimebaki chini." Nikajaribu utani, nikamwambia Mama, wewe si upo hapa unakunywa chai. Akauliza yupo hapa mpaka lini, na wala hakuwa anatania. Daktari alishamwambia aweke mambo yake sawa. Nyumba ilishawekwa sawa, na kuku pia. Lililobaki lilikuwa hili, na mimi niliumia kwa sababu niliona ana haki. Dunia nzima ina picha ya huyu mama amelala, na ya amesimama hakuna.

Tukaandika kwa mtunzaji wa ghala, yaani mimi niliandika, yeye akisimama nyuma yangu. Ni kijana anayeishi nchi ya baridi kali. Alijibu haraka, kwa furaha kubwa, akafuta ile sentensi siku hiyohiyo. Mama Mchungaji akasema vizuri, maneno ameyafuta, picha je? Nikaandika tena kuomba tuongeze mwisho. Hapo akakataa, kwa adabu sana. Akaeleza kwamba wao ni watunzaji, si watengenezaji. Filamu wanaiacha na kasoro zake zote, maana leo ukiongeza mwisho, kesho mwingine atabadilisha mwanzo, na baada ya muda hakuna atakayejua ya kweli ilikuwa ipi. Na nisiwe mnafiki, nilimwelewa. Nikamtafsiria Mama nikijua atawaka.

Hakuwaka. Akasema, "Mwambie hatujamaliza kupiga. Tulipumzika tu."

Niliandika hivyohivyo. Zikapita siku kadhaa. Halafu likaja jibu fupi la yule kijana, kwamba kama ni mapumziko, basi anasubiri, na mwishoni akaandika kwa Kiswahili, "Shikamoo Mama." Mama Mchungaji akaitikia marahaba kwa sauti, akiielekea simu yangu.

Binti yake aliyeko Dar alipopata habari alinipigia akanipa maneno yangu. Mama na moyo ule alale chini kwenye umande? Nikamwambia ampigie mama yake mwenyewe. Alimpigia. Sijui waliongea nini, ila baadaye binti akanitumia ujumbe kwamba nihakikishe kuna mkeka.

Tulipanda mlimani asubuhi moja yenye baridi. Nyumba ya mchungaji sasa ina mchungaji mwingine, na mke wake, mdogo mdogo, alitukaribisha akauliza kama kuna nafasi ya maiti. Kahawa nyingi imeng'olewa, wamepanda parachichi. Migomba ya wakati ule ilishakwisha, lakini machipukizi yake yalikuwa yamesimama palepale. Mama Mchungaji alipapata mahali pake bila kuonyeshwa. Rozela alikuwa ameipika mwenyewe kwake, ameibeba kwenye chupa ya maji.

Zimwi lilikuwa limeshafika. Mzee wa Mnada alikuwa na suti ya kahawia, fimbo na kifaa cha kusikilizia. Vazi lake lililiwa na panya zamani, akawa amechomeka majani makavu ya migomba kwenye kola. Aliniambia kwamba tangu siku ile hajaua mtu mwingine.

Nilitandika mkeka, Mama Mchungaji akauondoa, akasema kule hakukuwa na mkeka. Tukamshusha taratibu, akalala kama alivyolala, akajipaka damu, akafumba macho. "Haya, tufe," akasema. Nikabonyeza simu, na simu ikaniambia nafasi imejaa. Nikaanza kufuta. Ninyi mnaotuma kadi za habari za asubuhi zenye maua, niliwalaani ninyi wote siku hiyo, mmoja mmoja. Nafuta maua, nafuta video za mahubiri, na mwongozaji amelala kwenye umande ananiuliza kama nimepotelea mjini. Mzee wa Mnada akamkumbusha kwamba maiti haisemi. Akajibu, bado amefumba macho, kwamba maiti ya mwongozaji inasema.

Nafasi ikapatikana. Nikabonyeza, nikahakikisha namba zinatembea. Nikasema mimi safari hii, kwa sababu hakukuwa na mwingine wa kusema: "Amka, sema jina."

Akafumbua macho. Akaegemea kiwiko, akajaribu, akashindwa. Akajaribu tena. Nilitaka kuweka simu chini nimsaidie, akanikataza kwa mkono. Ndipo Mzee wa Mnada akaitupa fimbo, akasogea na majani yake shingoni, akainama, akampa mikono yote miwili. Sisi wengine wote tuliamka wenyewe. Yeye aliinuliwa na zimwi. Wakasimama pale wameshikana, wanahema wote wawili, na mimi machozi yananitoka, na sikuweza kugeuka mgongo kwa sababu ndiye niliyeshika kamera.

Akajikung'uta majani. Akatengeneza kanga. Akatazama kwenye simu, akataja jina lake, lote, la utoto, la baba yake na la kwao. Miaka yote hiyo nilikuwa silijui. Sitaliandika hapa, maana hakuniambia mimi, aliiambia kamera, na liko kule kwenye ghala kwa yeyote anayetaka kulisikia. Kisha akasema, "Mzima kabisa," na akaniamuru nizime, na nihakikishe nimezima kweli.

Nikabonyeza. Nikamfuta damu, nikamwachia Mzee wa Mnada aje naye polepole, nikatangulia kusaidia kuandaa chai. Jioni, nyumbani Njiro, nilipofungua simu nikakuta nilichobonyeza hakikuzima. Kuna viatu vyangu, raba nyeupe zenye matope, vinatembea kwenye majani, vinapita kwenye parachichi, vinavuka mfereji. Nilitaka kukata. Yule kijana wa ghala akaniomba nisithubutu.

Kwa hiyo sasa ukiitazama, baada ya viatu vya Baba Mchungaji na giza, anaamka mkewe, halafu viatu vyangu vinatembea muda mrefu bila maana yoyote. Karibu na nyumba anasikika yule mke mdogo wa mchungaji akiuliza kutoka jikoni, "Mama yuko wapi?" Mimi sikuwahi kujibu. Kutoka mbali, nyuma kabisa, kwenye migomba, inaitika sauti nyingine.

"Nipo. Nakuja."

Filamu inaishia hapo.